Wosia wa Krypton na ubishi wa Makindye

Kwa siku tisa tulibishana nyumbani kwangu Makindye kuhusu filamu moja, na siku ya kumi nikatambua kwamba tulikuwa tumetazama filamu mbili. Naandika jinsi jambo hilo lilivyotokea kwa sababu maoni mengi niliyoyasikia Kampala kuhusu Superman mpya, ya kusifu na ya kulaumu, yalikuwa yakinirudisha pale pale: kwenye ujumbe wa wazazi wake, na kwenye kinywa cha yule aliyetufikishia ujumbe huo.

Ninaizungumzia filamu iliyotoka Julai 2025, iliyoandikwa na kuongozwa na James Gunn, ambamo David Corenswet ni Superman, Rachel Brosnahan ni mwandishi wa habari Lois Lane, na Nicholas Hoult ni tajiri Lex Luthor. Niliitazama katika jumba la sinema la Acacia Mall, Kololo, pamoja na mke wangu na jirani yetu, mzee wa Bukavu, aliyeupokea mwaliko wangu kwa furaha kwa kuwa aliwahi kuitazama ile ya mwaka 1978, ya Christopher Reeve, akiwa kijana. Mpwa wangu hakutaka kuongozana nasi. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, tunamlea tangu akiwa na miaka minne, na sasa amefika kumi na saba, umri ambao mtu hapendi kuonekana kwenye sinema na mjomba wake. Yeye na wenzake waliisubiri ifike Katwe, kwenye kibanda cha video, ambako kiingilio ni shilingi 1,000.

Kwa wasomaji walio nje ya Uganda, kibanda cha video ni chumba cha mbao au matofali chenye mabati juu, mabenchi yaliyopangwa kama ya kanisani, pazia zito mlangoni na televisheni kubwa mbele. Filamu haichezwi kwa sauti yake peke yake. Yupo mfasiri, ambaye sisi tunamwita VJ, anayeishusha sauti ya waigizaji na kuzungumza juu yake, akifasiri, akieleza, akiongeza, akimpa huyu jina la mtaani na kumlinganisha yule na mtu tunayemjua. Msomaji wa Nairobi atamkumbuka DJ Afro na ataelewa mara moja. Hapa kwetu jina la VJ Jingo limeenea hata kwa watu ambao hawajawahi kuingia kibandani. Kazi hiyo hufanywa zaidi kwa Kiganda, lakini katika upande ule wa Katwe ambako wengi wetu wenye asili ya Kongo tunaishi na kufanya biashara, VJ huchanganya Kiganda na Kiswahili, na mara nyingine Kiswahili ndicho kinachotawala.

Sasa niseme kwanza yale tuliyoyazungumza sote bila kugombana sana.

Filamu inaanza kwa maandishi yanayohesabu kwa tatu. Karne tatu zilizopita viumbe wenye nguvu za ajabu walianza kuonekana duniani. Miongo mitatu iliyopita mtoto mchanga alitumwa duniani kutoka sayari nyingine. Miaka mitatu iliyopita mtoto huyo, akiwa mtu mzima, alijitangaza kwa walimwengu. Wiki tatu zilizopita aliizuia nchi ya Boravia kuivamia jirani yake Jarhanpur. Saa tatu zilizopita alishambuliwa. Dakika tatu zilizopita alishindwa pambano kwa mara ya kwanza maishani. Kisha tunamwona akianguka kwenye theluji, damu mdomoni, akijikakamua kupiga mluzi, na badala ya jeshi la kumwokoa anakuja mbwa. Nilipenda mno mwanzo huo, na usiku ule ule nilimfasiria mzee tukiwa kwenye teksi, naye akasema kwamba ni kama mtambaji wa hadithi anayewasogeza watoto karibu na moto hatua kwa hatua. Mwalimu wa kemia shuleni kwetu hakukubaliana nasi hata kidogo. Alisema alijisikia kama mgeni aliyefika arusini siku ya tatu, wenyeji wameshakula na kucheza, na hakuna anayekumbuka kumweleza nani ni ndugu wa nani. Namwelewa. Mashujaa wengine watatu wanatokea bila kutambulishwa, kuna zimwi kubwa linalobomoa mji, kuna gereza katika ulimwengu mwingine uliofichwa, na mtu ambaye hajazoea filamu za aina hii anaweza kutumia nusu saa nzima akiuliza maswali.

Wapo pia waliokasirishwa na shujaa anayepigwa. Vijana waliokua na Henry Cavill, yule wa filamu ya 2013, wanamtaka Superman mzito, mwenye kunyamaza, anayetua chini na ardhi ikapasuka, na huyu wa Corenswet wanamwona kama kaka mkubwa wa mtaani anayeomba radhi kila saa. Katikati ya pambano na lile zimwi anasimama kumwokoa kindi mmoja. Ukumbi wa Acacia ulicheka, na baadhi ya watu waliguna kwa kuudhika. Mke wangu alinishika mkono wakati huo, na mpaka leo anasema kwamba kama si kindi yule asingemwamini kijana yule katika mengine yote.

Hakuna aliyebisha kuhusu Edi Gathegi, ambaye alizaliwa Nairobi na kukulia Marekani, na hapa anaigiza Mister Terrific, mtu mwenye akili kuliko wote katika filamu nzima. Wanaofuatilia mambo haya wanakumbuka kwamba mwaka 2011, katika filamu moja ya X-Men, alipewa mhusika ambaye kipaji chake chote kilikuwa kuhimili hatari yoyote ile, kisha mhusika huyo akauawa mapema kabla hatujamjua. Watazamaji weusi walilalamika sana wakati ule, na walikuwa na haki. Safari hii anasimama katikati ya kambi ya maadui ufukweni, Lois akiwa nyuma yake, na anawaangusha walinzi mmoja baada ya mwingine kwa tufe zake zinazoruka, bila haraka, kama mtu anayepanga vitabu. Afrika Mashariki ilisubiri miaka kumi na minne kulipwa deni lile.

Kuhusu vita vya Boravia na Jarhanpur siwezi kupita haraka hivyo. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Mzee jirani yangu alikuwa na ndugu huko, na kwa wiki kadhaa simu yake ilikuwa haitoki mkononi. Nilipomwalika sinemani sikujua kwamba filamu ingetuonyesha wanavijiji wamesimama kwenye mpaka wakiwa na zana za shambani mikononi, mbele yao vifaru na askari wenye bunduki, na mtoto mmoja akiinua bendera yenye alama ya Superman huku akiliita jina lake. Mzee alivua miwani. Nilidhani ameguswa, na kweli aliguswa, lakini tulipotoka nje alisema jambo ambalo wakosoaji wengi hawakuliona: kwamba Wajarhanpur wote wale wanasimama tu kusubiri. Aliuliza, “Mwalimu, nani kati yao ana jina? Nani kati yao anamwambia mwenzake neno?” Mpiganaji wa Boravia ana jina, rais wa Boravia ana jina na ana kichekesho chake, na mbwa ana jina. Hapo sikuwa na la kuitetea filamu. Ninaisifu kwa kuthubutu kusema kwamba kuizuia nchi yenye nguvu isimmeze jirani yake ni jambo jema ambalo halihitaji kuombewa kibali kwanza, na mazungumzo marefu ya Lois na Clark, ambalo ndilo jina la kawaida la Superman, juu ya suala hilo, wakiwa nyumbani huku kinasa sauti kikiwa kimewashwa, ndiyo sehemu bora ya filamu. Lakini dai la mzee linabaki palepale.

Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya wosia.

Superman anapopelekwa kwenye makao yake ya barafu, roboti zinazomhudumia humchezea ujumbe wa wazazi wake waliomzaa, waliokufa pamoja na sayari yao ya Krypton. Nusu ya kwanza ya ujumbe huo imejaa upendo: tumekupeleka mahali utakapofanya mema mengi. Nusu ya pili iliharibika safarini, kwa hiyo amekua akiishi kwa nusu ya kwanza peke yake, akiisikiliza kama mtu anavyosikiliza dua. Luthor anavamia makao hayo, anaifufua nusu iliyopotea na kuitangazia dunia, na tunasikia kwamba wazazi wale walimtuma mwana wao aje kuwatawala wanadamu kwa kuwa ni dhaifu, aoe wanawake wengi, na aeneze kizazi chake. Siku hiyo hiyo watu waliomshangilia wanaanza kumrushia vitu barabarani.

Katika filamu ya 1978 baba yule, Jor-El, aliigizwa na Marlon Brando, mwenye nywele nyeupe na sauti ya nabii, na alimtuma mwanawe awe nuru ya wanadamu. Mzee wangu alikuwa ameibeba sauti hiyo tangu ujana wake Bukavu. Unaweza kufikiri alivyojisikia. “Mwacha asili ni mtumwa,” alituambia jioni ile mezani. “Huyu kijana wamemvua asili yake mbele ya macho yetu, na watu wakala bisi.” Mke wangu, ambaye amemlea mpwa wangu kama amemzaa mwenyewe, alimjibu kwa heshima lakini bila kuyumba, “Mzee, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.” Methali hizo mbili zimekaa pamoja katika lugha yetu bila kusuluhishwa, na jioni hiyo kila mmoja wao alikuwa na yake na hakuwa tayari kuiachia.

Mimi niliegemea upande wa mke wangu, na sababu yangu ilikuwa nzito kuliko nilivyoweza kuieleza siku hiyo. Mama yangu alitoka Bunia na mimi nikazaliwa Kampala. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na ni nchi iliyotufungulia mlango kwa ukarimu ambao sijauona ukisifiwa vya kutosha. Hata hivyo, mtoto wa mgeni hukua akijua kwamba ipo siku mtu atauliza alikuja kufanya nini. Superman alibuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji Wayahudi, na alionekana mara ya kwanza mwaka 1938. Gunn aliposema kabla ya filamu kutoka kwamba hii ni hadithi ya mhamiaji, baadhi ya watu Marekani waliwaka hasira, ingawa mhusika huyo amekuwa mhamiaji tangu siku ya kwanza. Kinachonitetemesha katika filamu hii ni kwamba inachukua hofu ile kuu ya mgeni, hofu kwamba majirani wenye shaka watathibitishiwa shaka yao, na inaithibitisha. Ni kweli alitumwa kuja kutawala. Hakujua, hakutaka, lakini karatasi zake za kusafiria, tuseme hivyo, zilikuwa na maneno hayo. Baada ya hapo itabidi awe mwema bila kutegemea asili yake kumshuhudia.

Mpwa wangu alitusikiliza wote watatu kwa mshangao. Alikuwa ameipenda filamu kupita kiasi na hakuona kwa nini tunaumizana. “Lakini Mjomba,” alisema, “ule ujumbe ni wa kughushi. Luthor aliutengeneza kwenye kompyuta. Hamkusikia?”

Nilimwambia hapana, ujumbe ni wa kweli. Akasema hapana, ni wa uongo. Nilidhani hakuwa makini, kwamba alikuwa akichezea simu. Yeye alidhani Kiingereza cha Acacia kilitupita masikio. Siku ya tatu alileta rafiki yake kushuhudia, na rafiki yake akasema vivyo hivyo. Siku ya tano mzee alianza kutikisika, akaniuliza kama yawezekana kweli tulikosea, na niliona usoni mwake jinsi alivyotamani iwe hivyo. Siku ya kumi nilimwomba mpwa wangu anipeleke Katwe.

Kibanda kilijaa. Jenereta ilinguruma nje, joto lilikuwa kali, watoto walikaa sakafuni mbele na sisi wenye ndevu tukapewa benchi la nyuma. Picha ilikuwa hafifu. VJ alikuwa kijana mwenye sauti ya kuimba, na ninasema kwa moyo wangu wote kwamba kipaji chake ni kikubwa. Ile hesabu ya tatu aliigeuza kuwa kibwagizo, watoto wakawa wanamwitikia. Gathegi alipotokea alimtambulisha kama “mtoto wa Nairobi, shemeji yetu wa Busia”, na kibanda kikalipuka. Wajarhanpur aliwapa majina. Yule mtoto wa bendera alimwita Bahati. Mwanamke aliyesimama karibu naye alimfanya mama yake, akamtungia maneno machache ya kumtuliza mtoto, kwa Kiswahili cha Ituri kabisa, Kiswahili cha mama yangu. Kile ambacho mzee alidai kutoka kwa filamu ya mamilioni ya dola, kijana huyu alikitoa bila malipo, kwa kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe.

Kisha ukafika ujumbe wa Krypton. Baba na mama walipoanza kusema maneno ya kutawala, VJ alipaza sauti ikawafunika kabisa: “Msiwasikilize! Huyo si baba yake! Luthor ameingiza sauti yake kwenye mashine!” Watu wakapumua. Mpwa wangu alinigeukia, macho yakiwa yanasema, umesikia sasa.

Baada ya filamu nilimngoja VJ nje. Nilijitambulisha, akaniita Mwalimu, akaniletea kiti. Nilipomuuliza, hakukana. Alisema anaujua ukweli wa filamu. Alikuwa ameitazama mara tatu kabla ya kuifasiri. Alisema kwamba kibandani mwake wanakuja watoto ambao baba zao waliuawa au walipotea, na ambao wamebakiwa na neno moja tu la baba, au sauti kwenye simu ya zamani, au kidogo kuliko hivyo. “Nitawaambiaje, Mwalimu, kwamba neno hilo lilikuwa baya?”

Nimelifikiria jibu lake kwa muda mrefu, na ninamheshimu aliyelitoa, lakini bado naona alikosea. Ujumbe ukiwa wa kughushi, Superman hana la kufanya isipokuwa kungoja ukweli utoke. Anapokwenda Kansas, alikolelewa, akiwa amevunjika, na baba aliyemlea, mkulima mwenye maneno yanayomponyoka, anapoketi naye nje ya nyumba, tukio lile linakosa uzito wake. VJ alilazimika kulifasiri kama faraja tu, “usijali mwanangu, adui amesema uongo”. Tena mwisho wa filamu hauelezeki. Superman amejeruhiwa, roboti zinamtibu, na safari hii badala ya ujumbe wa Krypton anatazama picha za wakulima wale wakimlea, siku ya kuzaliwa, michezo ya uani, mambo madogo. Tulipokuwa tukirudi kwa miguu nilimuuliza mpwa wangu alielewa nini hapo. Alinyamaza mpaka tulipokaribia Makindye, kisha akakiri kwamba jambo hilo lilimsumbua tangu siku ya kwanza. Kama wazazi wake walikuwa wameshasafishwa, alisema, kwa nini hakurudi kuwasikiliza?

Filamu yenyewe inastahili lawama hapa. Inafichua jambo zito kuliko yote kisha inakimbilia mapigano. Inampa shujaa dakika chache mno za kuomboleza, na umati wa mji unageuka kwa haraka ambayo hata sisi tuliowahi kuona umati ukigeuka hatuiamini. Laiti ingetulia hapo kama ilivyotulia kwenye mahojiano ya Lois, labda hata VJ yule angepata pa kushika.

Filamu ilipoanza kuuzwa kwenye intaneti mwezi Agosti, niliinunua, nikamwalika mzee tena, tukaiweka kwenye kompyuta yangu sebuleni. Sikuicheza yote. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tukio la Kansas, na mpwa wangu akaniomba niifasiri kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kuongeza. Yule baba anasema kwamba wazazi hawapo ili kuwaambia watoto wao wawe nani. Nikafungua mdomo, nikakwama. Kiingereza kina neno moja hapo, na mtu anayelisema ni mlezi anayezungumza juu ya waliozaa, na juu yake mwenyewe, kwa pumzi moja.

Nikasema, “Wazazi.”

“Sema walezi, Mjomba,” alisema mpwa wangu.

Mzee alitikisa kichwa. “Amesema wazazi. Mwache aseme wazazi.”

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Aliniambia niirudishe nyuma kidogo, ili na yeye asikie.